Usikubali dashibodi ishushwe kabla hatujajua kinacholia

Shosti yangu mpenzi,

Za masiku? Mimi mzima, mafua tu kidogo. Barua yako nimeisoma yote na kilichonishtua wala sio hizo kelele za gari yako, ni hayo aliyokwambia fundi wako kwamba lazima dashibodi yote ishuke ndo ajue kinacholia. Mwaya usikubali, angalau sio sasa hivi. Dashibodi ikishashushwa kuna klipu zitakatika, kuna skrubu zitabaki kwenye kopo hakuna anayejua zilitoka wapi, na gari itarudi na kelele mpya ambazo hukwenda nazo. Kelele inatafutwa dashibodi ikiwa imekaa mahali pake, bisibisi inakuja mwisho kabisa.

Alafu kingine, umeniandikia kana kwamba ni kelele moja. Mi nikisoma naziona tatu, kuna ya tik tik tik, kuna ya maji maji, na kuna hiyo ya plastiki kulia ukipita rafurodi, yaani barabara mbovu. Ukimpelekea fundi zote kwa pamoja ukamwambia tu "inapiga kelele mbele huku" lazima akuambie ashushe kila kitu, ningekuwa mimi pia ningechanganyikiwa. Kila moja ina kinachoiamsha, na hicho kinachoiamsha ndo kitatuambia iko wapi. Kwa iyo utabadilisha kitu kimoja kimoja na kusikiliza, basi. Ukibadilisha viwili kwa mpigo umejiharibia mwenyewe.

Hiyo ya tik tik ndo inakukosesha raha naona, tuanze nayo. Umesema inaanza ukifungua tu swichi, injini hata haijawaka, inagonga gonga sekunde kadhaa inanyamaza yenyewe, na ukizungusha kitufe cha joto inarudi. Shosti hapo umeshanipa nusu ya jibu. Kinacholia injini imezimwa na gari imesimama hakiwezi kuwa mkanda wala beringi ya tairi wala maunti ya injini, ni kitu cha umeme, kiko humo ndani, na kinaamka AC na hita zikiguswa. Nina uhakika mkubwa ni vile vimota vya vilango vya hewa.

Iko hivi. Nyuma ya dashibodi kuna boksi kubwa la plastiki ambalo hewa yote ya ndani inapita humo. Ndani yake kuna vilango, kimoja kinachanganya hewa ya baridi na ya moto, kingine kinaamua hewa itoke usoni, miguuni au kwenye kioo cha mbele, na kingine kinaamua hewa ivutwe kutoka nje au izunguke hiyo hiyo ya ndani. Gari za zamani vilango hivi vilivutwa na waya kutoka kwenye vitufe, siku hizi kila kimoja kina kimota chake, kiboksi cheusi kinachoingia kiganjani, ukikifungua unakuta mota ndogo na gia nyembamba za plastiki, nyingi nyeupe, zimepangana mpaka ya mwisho inayozungusha mlango. Sasa jino la gia likikatika, au mlango wenyewe ukikwama, mota inaendelea kusukuma gia inaruka, inasukuma inaruka, ndo hiyo tik tik tik yako. Kompyuta ya AC inasubiri mlango ufike inapotaka, ikiona haufiki inakata tamaa, ndo maana kelele inakoma yenyewe hata hujafanya kitu.

Kumjua ni yupi kati yao sio kazi. Fungua swichi usiwashe injini, feni weka sifuri ili isikuzibe masikio, zima redio, funga vioo. Zungusha joto polepole kutoka baridi kabisa mpaka moto kabisa, sikiliza. Acha hapo hapo, sasa badilisha upande wa hewa, usoni, miguuni, kioo. Alafu bonyeza kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani. Kitufe kitakachoamsha kelele ndo kimekutajia mwenye kosa. Ikilia kwenye hicho cha mshale utakuwa na bahati, maana kwenye gari nyingi kimota chake kiko nyuma ya droo ya abiria, unatoa droo tu unakiona. Cha joto mara nyingi kinakaa pembeni mwa boksi kule chini karibu na miguu, unalala chali kwenye sakafu na tochi mdomoni, shingo itakuuma lakini kinafikika bila kushusha chochote. Vipo vingine wameviweka juu katikati kabisa ya boksi, hapo kweli kazi inakuwa kubwa, lakini hata kwa hivyo ni bora ujue kwanza ni kile cha juu kuliko kuingia tu.

Ukishakiona usikihukumu kwa macho. Mwambie mtu azungushe kitufe we umeweka vidole juu ya kiboksi, utakisikia kinavyokugonga kwenye ncha za vidole. Alafu chomoa soketi yake, rudia jaribio lile lile. Kukiwa kimya, umemaliza, ndo huyo. Na kabla hujanunua kingine kitoe uzungushe kile kipini cha mlango kwa mkono, kinatakiwa kiende laini mwanzo mpaka mwisho. Kikikwama njiani ujue kuna kitu humo ndani kimezuia, kalamu, jani, kipande cha sponji kilichobanduka, na ukifunga mota mpya juu ya mlango uliokwama utaiua nayo. Watu wengi wanabadilisha hiyo mota kila mara wanailaumu mpya kuwa ni feki, kumbe mlango.

Ukishafunga mpya usikimbilie vitufe. Gari nyingi zinahitaji kompyuta ijifunze upya mwanzo na mwisho wa mlango uko wapi, zingine unafungua swichi tu unaziacha zijisogeze zenyewe, zingine zina mpangilio wake umeandikwa kwenye kitabu cha gari. Kisome hicho kitabu jamani, nakujua, bado kiko kwenye nailoni yake.

Ila kabla hujaingiza mkono nyuma ya dashibodi, betri. Toa waya wa hasi, uweke mbali usirudi wenyewe kugusa, alafu subiri dakika kadhaa kama kitabu kinavyosema, sababu mfumo wa eabegi, ule mfuko unaofumuka gari ikigonga, unabaki na umeme kidogo hata betri ikishatolewa. Waya zenye soketi za njano au ala ya njano usizichomoe, usizipime kwa mita, usizivute kupata nafasi. Sio mzaha, eabegi ya abiria iko pale juu ya droo unapoingiza kichwa. Majaribio ya kusikiliza yanahitaji umeme najua, kwa iyo hayo fanya ukiwa hujafungua kitu zaidi ya droo, na ukianza kufungua ndo betri itoke. Na uwe na namba ya siri ya redio yako mkononi, kuna redio zinagoma betri ikitoka.

Haya twende kwenye maji. Hapa sikukuelewa vizuri, umesema "maji yanatembea", asa yanatembea vipi? Kama ni kububujika, glu glu glu, unaisikia zaidi ukiwa ndo umewasha gari na ukikanyaga mafuta, hiyo ni hewa imeingia kwenye rejeta ndogo ya hita iliyoko nyuma ya dashibodi. Maji ya injini yanapita pale, yakipungua hewa inakaa juu na unaisikia inasukumwa. Angalia kwanza tanki la akiba injini ikiwa imepoa kabisa, na usithubutu kufungua kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto, yatakurukia usoni. Yakiwa yamepungua ongeza kulanti, hayo maji ya kupoza injini, ya aina wanayotaka kwenye kitabu, hewa itolewe, alafu weka alama uone kama yanashuka tena. Yakishuka na ndani kuna harufu fulani ya utamu, au kioo cha mbele kinapata ukungu wenye utelezi usiofutika vizuri, au zulia chini ya dashibodi limelowa, rejeta ya hita inavuja. Yakishuka na huoni yanakoenda, na hewa inarudi kila ukiitoa, hapo peleka wakapime gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, mapema, usiendelee kuongeza maji tu kila wiki huku unaomba.

Lakini kama sio kububujika, ni maji yanachapa ukikata kona au ukifunga breki, hiyo ni habari nyepesi. AC ikifanya kazi inatoa maji, yanatakiwa yadondoke chini ya gari kupitia kibomba kidogo, lile dimbwi unaloliona ukipaki. Kibomba kikiziba kwa vumbi maji yanajaa kwenye boksi, yanachezacheza, siku nyingine yanamwagikia miguuni kwa abiria. Washa AC siku ya joto na unyevu gari ikiwa imesimama, uchungulie chini, kama hakidondoki kitu baada ya muda, zibua kibomba kutokea chini kwa waya laini au upepo kidogo, kidogo nimesema, presha kubwa inaweza kukichomoa kibomba kwa ndani.

Alafu hiyo ya rafurodi ndo utakayoshughulika nayo muda mrefu kuliko zote na mara nyingi ndo haina madhara yoyote, samahani kukuambia. Anza kwa kutoa vitu. Vyote shosti, sarafu, miwani, chaja, ule mfuko wa risiti, karatasi kwenye droo, hadi kile unachoning'iniza kwenye kioo. Endesha njia ile ile mbovu kwa mwendo ule ule. Kelele nyingi za dashibodi ni mizigo ya mwenye gari. Ikibaki, mwachie mtu unayemwamini usukani we ukae kwa abiria, maana dereva hawezi kutafuta kelele na kuangalia barabara kwa wakati mmoja, na usijaribu. Ukiwa hapo bonyeza kwa kiganja sehemu moja moja, pembe za dashibodi, fremu ya redio, matundu ya hewa, kifuniko cha mita, ile nguzo ya kioo. Pale utakapobonyeza ikanyamaza ndo umefika. Ukitaka ukaribu zaidi chukua kipande cha mpira wa maji, mwisho mmoja sikioni mwingine unautembeza, kama daktari vile, utashangaa, maana dashibodi ina tabia ya kudanganya, kelele inatokea kushoto we unaisikia katikati.

Mara nyingi ni plastiki inasuguana na plastiki, au klipu imelegea, au waya zinapiga ukuta kwa sababu aliyefunga redio hakuzifunga. Ndo maana asubuhi kunakuwa kimya na gari ikishapigwa jua inaanza kulia, au kinyume chake, plastiki inatanuka na kunywea. Dawa yake ni tepu ya kitambaa katikati ya vinavyosuguana, sponji kidogo kuzunguka soketi za waya, klipu mpya. Ukitaka kupaka kitu paka silikoni, usimwage oili ya injini wala grisi, zinaharibu plastiki na mpira na zinashika vumbi. Na ukibonyeza kila mahali isinyamaze, lakini inagonga kila tairi la mbele likiingia shimoni, huenda haitoki hata ndani, ni maunti ya shokapu au linki ya stabilaiza, vifaa vya chini kwenye tairi za mbele, sauti inapanda na bodi unaisikia miguuni.

Hujanitajia feni ila ntakuuliza, kelele inapanda ukiongeza feni? Kama ndio basi huenda jani au karatasi imeingia kwenye feni, mara nyingi utaikuta ukitoa filta ya hewa ya ndani nyuma ya droo, na filta yenyewe angalia kama haijageuka matope. Ikiwa inaendelea kulia hata ukisafisha, huenda bushi za mota ya feni zimeisha.

Na kama siku yoyote utasikia "sssss" kule juu ya pedali ukikanyaga breki na pedali imekuwa ngumu, hiyo usiitafutie tepu wala mpira wa maji, paki gari, mwite fundi aje aangalie busta ya breki, ile inayofanya pedali iwe nyepesi. Ile sss ya kwenye matundu ukizima AC ni gesi inatulia tu, achana nayo.

Fundi mwambie asubiri. Fanya la tik tik kesho maana halihitaji hata kuendesha, unirekodie kwa simu ukiwa unazungusha kitufe, useme kwa sauti "sasa joto, sasa miguuni, sasa mshale" ili nijue nasikia nini. Ukishakitoa hicho kiboksi kipige picha upande wenye namba, namba yote isomeke, uilinganishe na ya kwenye duka lolote utakaloenda, maana vinafanana kwa sura vyote lakini pini ya mlango inatofautiana.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
shosti wako