Kulinganisha bia ya Ucheki na ya Ubelgiji

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Rasimu yako nimeipata na nimeisoma yote. Umechagua vizuri sana: si rahisi kupata nchi mbili zinazokaribiana hivi kwa idadi ya watu na kwa wingi wa bia inayotoka viwandani, halafu zikaachana mbali hivi kwa bia inayobaki kwa ajili ya wenyeji. Ila jedwali lako la kwanza umelijenga juu ya uzalishaji, na hilo libadilishe kabla hujaenda mbele.

Mizania ya chakula ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, huanza na uzalishaji, hujumlisha bidhaa zilizoagizwa, hutoa zilizouzwa nje, hurekebisha akiba ya maghalani, kisha huondoa upotevu na matumizi yasiyo ya chakula. Kinachobaki hugawanywa kwa idadi ya watu. Sasa tazama. Ucheki, yenye watu wapatao milioni 10.7, ilikuwa ikizalisha karibu hektolita milioni 20 kwa mwaka kabla ya korona na kuuza nje milioni 5 na ushee. Hektolita ni lita 100, kwa hiyo kila mtu anabakiwa na takriban lita 140. Ubelgiji, iliyokuwa na watu milioni 11.5, ilizalisha wakati huo zaidi ya hektolita milioni 20 kwa mwaka, lakini takriban asilimia 70 ilivuka mpaka. Hata ukirudisha bia inayoagizwa, mtu mmoja alipata kati ya lita 60 na 70. Ukiishia kwenye uzalishaji, msomaji wako ataamini Wabelgiji wanakunywa sawa na Wacheki.

Kwa Ubelgiji, safu ya mauzo ya nje ndiyo ya kukaguliwa kuliko zote. Bidhaa nyingi hupitia bandari ya Antwerp bila kuwa za nchi hiyo, na takwimu za biashara hutolewa kwa mfumo wa kitaifa na kwa mfumo wa Umoja wa Ulaya. Tumia wa kitaifa, ambao huondoa mizigo ya kupita tu. Halafu, bia ya chapa ya Stella Artois inayotengenezwa Uingereza haikutoka Leuven, Ubelgiji, usiihesabu. Na bia isiyo na alkoholi haimo katika namba ya forodha 2203, ambayo ni ya bia ya kimea; iko 2202. Chanzo kimoja kikiiweka ndani na kingine kikiiacha nje, utaona tofauti ambayo haipo.

Vipimo havisumbui sana. Lita moja ya bia ina uzito wa kilo 1.01 hivi, kwa hiyo kilo na lita zinakaribiana. Nishati ndiyo yenye mtego. Kwa wastani wa kilokalori 43 kwa gramu 100, lita 140 kwa mwaka ni kama kilokalori 165 kwa siku, na lita 65 ni kama 77. Lakini huo ni wastani wa bia ya alkoholi asilimia 5 hivi. Rochefort 10, bia kali ya Ubelgiji, ina asilimia 11.3, na alkoholi yake peke yake inatoa zaidi ya kilokalori 60 kwa mililita 100. Kwa upande wa Ucheki, kuna bia nyingi ya nyuzi 10, yenye alkoholi karibu asilimia 4. Nyuzi hizo hupima sukari ya maji ya kimea kabla ya kuchachushwa, hazipimi alkoholi. Katika ukurasa wako wa pili umezichanganya. Kwa hiyo pengo halisi la nishati huenda ni dogo kuliko pengo la lita, ingawa usilipunguze kupita kiasi, maana hata Ubelgiji bia ya kila siku ni pilsner, yaani bia nyepesi ya rangi ya dhahabu, kama Jupiler, yenye asilimia 5.2.

Shayiri iliyokwenda kwenye kimea usiijumlishe tena upande wa nafaka. Tayari imo kwenye safu ya usindikaji, na machicha yake huliwa na mifugo.

Kuhusu miaka: mfululizo wa zamani wa FAO unaishia 2013 na mpya unaanza 2010, kwa mbinu tofauti. Usiuunge kwa mstari mmoja. Ucheki peke yake inaanza 1993, kabla ya hapo ni Chekoslovakia. Ubelgiji ilihesabiwa pamoja na Luksemburg hadi 1999. Ukitaka mchoro mrefu, anza 2000, na uache nafasi wazi pale mbinu inapobadilika.

Neno moja la mwisho: andika "ugavi" popote ulipoandika "unywaji". Bia anayokunywa mtalii Prague imegawanywa kwa Wacheki, na mizania haina namna ya kumtoa mtalii huyo.

Nitumie jedwali ukishalirekebisha, na usiache kuweka safu ya mauzo ya nje peke yake.

Wako,
Salma