Mhariri, ule ushauri wa blichi na ndimu utatumalizia kofia za wazee

Mhariri, salaam aleikum kutoka Amu, yaani mji wa Lamu. Mimi nashona kofia, ndo kazi yangu tangu niko msichana, na wiki iliyopita jirani akaniletea ukurasa wenu wa mambo ya nyumbani ameukunja mkononi akaniuliza, bibiye, hii ni kweli? Mliandika kuwa nguo za zamani zenye tarizi zikiwa na madoa zirowekwe kwenye blichi usiku kucha, halafu asubuhi zikamuliwe ndimu hivyo hivyo na zianikwe juani mpaka zing'are. Nimeusoma mara tatu. Naomba mniskize manake Maulidi yanakaribia na saa hii huku kila nyumba watu wanafungua makasha kutoa kofia na kanzu za wazee wao.

Kwanza hilo la kukamulia ndimu juu ya blichi linaweza kumdhuru mtu vibaya. Blichi ikikutana na asidi, iwe ndimu iwe siki, inatoa gesi ya klorini, inachoma macho na kifua, na vyoo vya nyumba zetu za mawe mnavijua vilivyo, tundu la hewa moja tena dogo. Hilo lirekebisheni hata kama mengine yote nitakayosema hamna nafasi nayo.

Sasa nguo yenyewe. Kofia ya vito, hivyo vito ni vitundu vidogo vidogo vinatobolewa kwenye kitambaa cheupe halafu kila kimoja kinazungushiwa uzi kwa sindano, mtu anakaa nayo miezi, na macho yanaumia kwelikweli. Hiyo ikishakaa miaka arobaini, hamsini, pamba yake imechoka tayari hata kama kwa macho yaonekana nzima, na blichi inaikata ile pamba kutoka ndani. Hariri na sufu ndo usiseme, blichi inazila mpaka zinayeyuka.

Kabla ya Idi kijana mmoja wa huku Langoni alinijia na kofia ya marehemu babu yake. Alikuwa ameipeleka kwa dobi, sitamtaja, na dobi akairoweka kwenye blichi kwa nia nzuri tu. Ilirudi nyeupe pe! Kijana anataka nimrudishie kito kimoja tu kilichofumuka, nikaingiza sindano, uzi wa kando ukakatika, nikashika wa pili nao ukakatika, ukawa unavunjika vidoleni mwangu kama tambi kavu. Yule babu aliishona mwenyewe akiwa barazani, wazee wa mtaa wanamkumbuka nayo mapajani. Kijana akaikunja kwenye leso akaenda zake hakusema neno, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Kwanza ni vumbi, naitoa na brashi laini nguo ikiwa kavu, manake vumbi likilowa linakuwa tope ndani ya uzi. Halafu najaribu rangi: pamba nyeupe iliyoloweshwa kidogo naibonyeza juu ya kila rangi ya uzi, nyekundu peke yake, nyeusi peke yake, kwa upande wa ndani pasipoonekana. Ikitoka rangi hata kidogo hiyo nguo haiingii majini basi, hata doa liwe kubwa namna gani. Ikiwa ni pamba nyeupe tupu na bado ina nguvu, naitandaza juu ya kipande cha chandarua ndani ya karai la plastiki, maji baridi, na maji yawe ya mvua kama mtu anayo manake ya visima vingine huku yana chumvi, sabuni laini kidogo sana isiyo na blichi wala rangi. Sisugui! Nabonyeza na sponji tu. Maji yanatoka rangi ya chai ya rangi, nayamwaga natia mengine, mpaka yatoke meupe na povu liishe kabisa. Kuitoa naibeba na kile chandarua, nguo kuukuu ikilowa inakuwa nzito na inaweza kuchanika kwa uzito wake wenyewe. Kofia naikausha kivulini juu ya bakuli lililofunikwa taulo nyeupe, kopo la bati sitaki, lina kutu.

Na kutu ndo doa linalodanganya watu. Zile alama za kahawia za pini au za sanduku la chuma, mtu akiona anakimbilia blichi, na blichi haitoi kutu hata kidogo, tena penye chuma ndo inakula pamba haraka zaidi na baadaye pale pale panatoboka. Ndimu na chumvi ni kweli inatoa kutu, mama zetu wametumia, lakini kwa kanzu ya juzi ambayo utaisuuza sana. Kwa nguo ya zamani ile asidi inabaki ndani ya uzi inaendelea kula. Manjano ya biriani nayo ikiguswa na sabuni inageuka nyekundu, watu wanaogopa wanadhani ni damu wanazidisha madawa, kumbe ukisuuza vizuri inarudi njano kama mwanzo.

Joho lenye zari usilitie maji wala ndimu wala kitu. Zari ya kale ni fedha imepakwa dhahabu ikazungushwa juu ya uzi wa hariri, na blichi inaifanya fedha iwe nyeusi. Brashi laini, basi.

Doa la kahawa la miaka thelathini mimi naliacha. Limeshika uzi, ukililazimisha unatoa na uzi wake, na hakuna atakayemcheka mtu kwa kofia ya babu yake yenye alama ya kahawa kwenye ziara.

Mwambieni msomaji akimaliza kufua asirudishe nguo kwenye mfuko wa plastiki, hewa ya huku ina unyevu itashika ukungu. Aifunge kwa marikani, kile kitambaa cha pamba tupu, iliyofuliwa ikatoka wanga wote, wanga unaita mende. Na asiifunge kwa gazeti, mniwie radhi, wino unahama na karatasi yenyewe ina asidi inayofanya nguo iwe ya manjano.

Ninachoomba ni masahihisho, pale pale ukurasa ule ule na kwa herufi kubwa, kabla watu hawajaanza kufua za Maulidi. Na wenzetu wa makumbusho hapa Lamu, wanaoshika vitu vya kale kila siku, wakitutengea hata asubuhi moja na madobi wa mji wote, mimi nitakuja na karai langu na chandarua.

Mshona kofia,
Mkomani, Lamu