Barua ya wazi: Barafu ya umeme wa jua kwanza, nyuklia baadaye

Mheshimiwa mwenye dhamana ya nishati,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Sahare, Tanga. Nauza samaki mwaka wa 14 huu, na leo friza zangu mbili ziko tupu.

Alhamisi umeme ulikatika saa nne asubuhi, ukarudi alfajiri ya siku ya pili yake. Nguru niliowanunua siku ile walikuwa hawajaganda. Nilipofunua friza, macho yameshakuwa meupe, matamvua yamegeuka rangi ya udongo, maji ya damu yamejaa chini. Vibua niliwauza kwa bei ya kutupa. Nguru niliwafukia. Hela ya mzigo ule ilikuwa mkopo wa kikoba, na marejesho ni Jumatatu.

Usiku ule, gizani, redio ya simu ilikuwa inazungumzia umeme wa nyuklia. Siikatai, Mheshimiwa. Haitoi moshi, inawaka usiku na mchana, na Afrika Kusini wanacho kituo cha Koeberg tangu 1984. Madini yake ya urani tunayo, Namtumbo, Ruvuma. Lakini mtambo wa tatu wa Olkiluoto, Ufini, ulianza kujengwa 2005, ukaanza uzalishaji wa kawaida 2023. Miaka 18, na wale walikuwa na mitambo mingine tayari! Mwanangu yuko darasa la pili.

Na umeme huo utanifikia kwa waya gani? Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Hale, humu humu mkoani, maji ya Pangani yalianza kuzungusha mitambo kabla sijazaliwa. Bado nimekaa gizani. Wengine wanasema transfoma imezidiwa, wengine nguzo zimeoza. Mimi naona megawati zipo, zinakwama njiani kabla ya kufika mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki. Nyuklia ikipita waya ule ule, samaki wangu wataoza vile vile.

Jua halipiti kwenye waya ule. Wanaosema linazama jioni, kweli linazama. Lakini barafu ikigandishwa mchana, inalala kwenye sanduku, asubuhi wavuvi wanaikuta. Hata betri kubwa hatuhitaji.

Mwaka juzi kiongozi alisimama hapa hapa mwaloni, akatuahidi mtambo wa barafu wa sola. Tulipiga makofi. Majina tumeandikisha mara mbili.

Mjadala wa nyuklia uendelee huko Dodoma, hata miaka kumi. Mimi naomba paneli juu ya paa la mwalo wetu na mtambo ule wa barafu, kabla kaskazi haijaanza. Ule mtambo tu, Mheshimiwa. Ule mliotuahidi.

Mama muuza samaki,
Sahare, Tanga