Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa: majina ya Wapolandi wa Tengeru

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Uorodheshaji wa makaburi na majalada ya wakimbizi wa Kipolandi, Tengeru

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Chini ya Mlima Meru, karibu na Ziwa Duluti, ndani ya eneo la chuo cha mifugo cha Tengeru, kuna makaburi yapatayo 150 ya watu waliotoka Poland. Walikuwa sehemu ya kambi kubwa kuliko zote za Wapolandi barani Afrika, iliyofikia watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Kambi nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro huku kwetu, na Koja na Nyabyeya kule Uganda. Habari zao zimo katika majalada ya serikali ya kikoloni. Sisi tunaofuatilia historia na fasihi ya Poland tunakuandikia kuomba jambo moja: kabla majina haya hayajaingizwa katika kanzidata yoyote, uwekwe utaratibu wa kuyaandika. Yakiingizwa vibaya mara moja, kosa litanakiliwa miaka yote, na mtafiti atakayetafuta mtu wake ataambiwa hayupo, kumbe yupo.

Tuanze na walivyofika. Jeshi la Kisovieti liliingia mashariki mwa Poland tarehe 17 Septemba 1939. Kuanzia Februari 1940 hadi Juni 1941 familia zilitolewa majumbani kwa awamu nne, zikapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo hadi Siberia, Arkhangelsk na Kazakhstan. Ujerumani ilipoishambulia Urusi mwaka 1941, serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London ikakubaliana na Moscow watu hao waachiliwe. Mwaka 1942 jeshi la Wapolandi lililoongozwa na Jenerali Anders lilivuka Bahari ya Kaspi kuingia Uajemi, na raia wakafuata pamoja nalo. Kutoka huko wapatao 18,000 waliletwa Afrika kwa meli. Walifika wamedhoofika kwa njaa na maradhi ya njiani, na baadhi yao hawakuishi muda mrefu.

Sasa tutazame jiwe lenyewe. Juu kabisa ya kaburi la Kipolandi utaona herufi mbili, Ś.P. Ni kifupi cha maneno yenye maana ya "mwenye kumbukumbu takatifu". Kwetu tungesema "marehemu". Mwandishi asiyejua huziandika kama herufi za kwanza za jina, na ghafla makaburi yote yanakuwa ya ukoo mmoja wa S. P. Chini ya jina hufuata "ur.", yaani alizaliwa, na "zm.", yaani alifariki. Wakati mwingine huandikwa "żył lat" au "żyła lat" na nambari: aliishi miaka kadhaa. La kwanza ni la mwanamume, la pili la mwanamke, hivyo hata jina likiwa limefutika, herufi moja ya "a" inatuambia aliyelala pale alikuwa mwanamke au msichana. Mwezi mara nyingi huandikwa kwa namba za Kirumi. Kaburi lenye 3.II.1944 ni la Februari. Asiyejua huona 11 na kuandika Novemba, na tangu hapo kaburi halikutani tena na daftari la hospitali ya kambi.

Jina la ukoo lina mitego yake. Mume akiitwa Kowalski, mke na binti huitwa Kowalska. Nowak habadiliki kwa njia hiyo, lakini kwa desturi ya zamani mkewe aliweza kuandikwa Nowakowa na binti asiyeolewa Nowakówna. Wote watatu ni familia moja. Ukiwapanga kama majina matatu yasiyohusiana, umetenganisha mama na watoto wake, na katika kambi iliyojaa wajane na yatima hilo si kosa dogo. Suluhisho ni rahisi: safu moja ya jina kama lilivyoandikwa, na safu nyingine ya umbo la msingi la ukoo, linalowakusanya wote.

Halafu kuna herufi tisa ambazo taipureta ya Kiingereza haikuwa nazo: ą, ć, ę, ł, ń, ó, ś, ź, ż. Karani wa kikoloni ama aliziandika bila alama, ama aliandika kwa sikio. Ł hutamkwa kama w yetu, na w yao ni kama v yetu. Wójcik, jina la kawaida sana Poland, kwa sikio la Mswahili ni "Vuichik". Karani angeweza kuliandika Wojcik ukurasa mmoja na Voichik ukurasa unaofuata. Tunaomba maumbo yote yahifadhiwe kama yalivyo katika hati, wala yasisahihishwe kimyakimya, kwa sababu umbo la makosa nalo ni ushahidi wa nani aliandika na alisikia nini. Kuhusu kompyuta: faili zihifadhiwe kwa msimbo wa UTF-8, unaobeba herufi za lugha zote, na kabla kazi haijaanza mashine ijaribiwe kwa maneno matatu ambayo Wapolandi wenyewe hutumia, "Zażółć gęślą jaźń". Yanabeba herufi zote tisa. Yaandike, yahifadhi, yafungue kwenye mashine nyingine. Ukiona alama za kuuliza au takataka badala ya herufi, simamisha kazi hapohapo, maana herufi ikishapotea kwenye faili hairudi kwa kubadilisha fonti.

Huenda ukauliza, Ndugu Mkurugenzi, kwa nini kelele yote hii kwa alama ndogo juu ya herufi. Poland iligawanywa na Urusi, Prussia na Austria mara tatu, 1772, 1793 na 1795, ikafutika kwenye ramani hadi 1918. Kwa miaka 123 taifa lile liliishi katika lugha na vitabu. Mwaka 1901, katika mji wa Września uliokuwa chini ya Wajerumani, watoto wa shule walichapwa kwa kukataa kujifunza dini kwa Kijerumani. Watu wenye historia hiyo wakimwandika mtoto wao kwenye saruji ya Tengeru kwa ł na ż, walichonga herufi hizo kwa makusudi.

Linalotushughulisha zaidi ni safu inayoitwa, katika fomu za Kiingereza, kwa neno moja tu, "nationality", ambalo huchanganya uraia na utaifa. Kiswahili kinayatofautisha maneno haya mawili vizuri, na Kipolandi pia: obywatelstwo ni uraia, narodowość ni utaifa. Poland ya kabla ya vita ilikuwa na raia Wapolandi, Waukraine, Wabelarusi, Wayahudi na wengineo. Katika sensa ya 1931 watu wapatao 700,000 wa jimbo la Polesie walipoulizwa lugha yao ya mama hawakutaja Kipolandi wala Kibelarusi. Walisema wanazungumza lugha ya "wa hapahapa", na ndivyo ilivyoandikwa: tutejszy. Watu wa nchi hiyohiyo ndio waliopakiwa kwenye mabehewa mwaka 1940.

Kisha, tarehe 1 Desemba 1941, serikali ya Kisovieti ilitangaza kwamba katika watu wa maeneo hayo itawatambua kama raia wa Poland wale tu walio Wapolandi kwa asili. Waukraine, Wabelarusi na Wayahudi iliwahesabu kuwa wake. Aliyetaka kutoka alikuwa na kila sababu ya kujiandikisha Mpolandi Mkatoliki. Kwa hiyo neno "Polish" katika orodha ya abiria linatueleza mtu alijiandikishaje mbele ya afisa, na kwa mtafiti makini haliwezi kuwa jibu la swali la utaifa. Nenda makaburini Tengeru utaona mwenyewe: mbali na misalaba ya Kikatoliki, kuna ya Kiorthodoksi, na kuna Nyota ya Daudi. Orodha ikiwaweka wote chini ya "Wapolandi Wakatoliki", itakuwa imefuta kile ambacho jiwe bado linakisema. Tunaomba safu tatu tofauti: uraia, utaifa kama ulivyotajwa kwenye hati, na alama ya dini iliyoonekana kaburini. Pasipo na habari paachwe wazi, wala pasijazwe kwa kukisia.

Mahali pa kuzaliwa nako ni vivyo hivyo. Lwów ya kwenye hati leo ni Lviv, Ukraine. Wilno ni Vilnius, Lithuania. Stanisławów ni Ivano-Frankivsk. Nowogródek iko Belarus. Yaandikwe majina mawili, la kwenye hati na la leo, kwa sababu hapa ndipo penye jibu la swali ambalo wanafunzi huuliza kila mara: vita vilikwisha 1945, mbona hawakurudi kwao? Kwao kulikuwa kumepewa Umoja wa Kisovieti katika mkutano wa Yalta. Adam Mickiewicz, mshairi ambaye Wapolandi humweka mbele ya wote, alizaliwa 1798 karibu na Nowogródek hiyohiyo, na utenzi wake mkubwa, uliochapishwa Paris mwaka 1834, unaanza kwa kuiita Lithuania nchi yake. Mtoto aliyeusoma akiwa Tengeru alikuwa anasoma juu ya kwao hasa.

Vitabu vya shule zao vinastahili jicho la pekee. Vingi vya wakati huo vilichapwa Jerusalem na jeshi la Poland lililokuwa Mashariki ya Kati. Kikipatikana kitabu kwenye kabati la misheni au shule kikiwa na neno "Jerozolima" ukurasa wa mbele, mtu anaweza kudhani ni cha dini na kukiweka kando. Kipigwe picha jalada, ukurasa wa kichwa na kila muhuri. Muhuri ndio unaotueleza kilipita kambi gani. Pia tungependa ijulikane watoto wale walikuja na picha gani ya Afrika vichwani. Henryk Sienkiewicz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, alifika Zanzibar na Bagamoyo mwaka 1891, na riwaya yake ya watoto ya 1911 kuhusu Afrika ilisomwa na vizazi vya Wapolandi. Waafrika wameonyeshwa humo kama watu wa kuongozwa na mvulana mzungu. Wasomi wa Poland wenyewe sasa wanaijadili kwa ukali, na mjadala huo utapungukiwa bila sauti ya Wameru waliokuwa majirani wa kambi. Wazee waliobaki ni wachache. Wahojiwe mwaka huu. Kumbuka pia kwamba mwaka 1951, kambi ikielekea kufungwa, Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki, na 1952 Kirilo Japhet akalipeleka shauri lao Umoja wa Mataifa. Anayesoma historia ya wakimbizi waliopewa hifadhi Meru asome pia ya wenyeji walioondolewa kwenye ardhi yao.

Kwa upande wa majalada, tarehe moja ni ya kukumbuka: 5 Julai 1945, Uingereza ilipoacha kuitambua serikali ya Poland ya London. Kabla yake barua za kambi zinapita kwa wajumbe wa serikali hiyo. Baadaye zinapita kwenye ofisi za Waingereza, na kuanzia 1947 kwenye shirika la kimataifa la wakimbizi, IRO. Mfululizo unaonekana kukatika, kumbe umehamia jalada jingine. Faharasa ionyeshe jalada lipi linaendeleza lipi. Sehemu nyingine za mfululizo huo ziko Kew, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, na Taasisi ya Sikorski mjini London, hifadhi ya nyaraka ya Archiwum Akt Nowych mjini Warszawa, na Taasisi ya Hoover kule Stanford, hivyo namba za kumbukumbu zilingane na zao inapowezekana. Nakala za kaboni kwenye karatasi nyembamba ziwekewe karatasi nyeusi nyuma wakati wa kuskani, la sivyo maandishi ya upande wa pili yataonekana. Pini zenye kutu zitolewe kwanza, taratibu, bila kuvuta.

Tunashauri kazi ianzie makaburini, kwa kushirikiana na Mambo ya Kale na chuo chenye eneo. Watu wawili waandike kila jiwe, kila mmoja peke yake, na wa tatu alinganishe. Herufi yenye shaka iwekwe kwenye mabano ya mraba. Picha zipigwe asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini na kumulika jiwe kutoka ubavuni, maana jua la saa sita hufuta kivuli cha maandishi. Siku ya mawingu, na Meru ina nyingi mwezi wa Julai, tochi inayoshikwa ubavuni mwa jiwe inatosha. Kusafisha ni kwa brashi laini na maji safi tu. Chaki, brashi ya waya, sabuni ya unga na asidi visitumike kabisa: saruji ya miaka ya 1940 humomonyoka juu, na maandishi yako hapohapo juu. Kwa kuwa mwanga mzuri ni wa saa chache kwa siku, makaburi 30 kwa siku ni kipimo cha haki, yaani siku tano, na siku mbili za kurudia yaliyotatiza. Ikiwezekana iwe Januari au Februari, kabla masika hayajaotesha kuvu na majani juu ya mawe.

Tuko tayari kuwafundisha waandishi wako kusoma herufi na vifupisho hivi kwa siku mbili, bila malipo, na kukabidhi kwa Idara nakala ya kila picha tutakayopiga.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Watafiti wa historia na fasihi ya Poland