Taja mahali penyewe, si "Kenya" nzima

Mhariri,

Nimekuwa nikiwapeleka watalii Mbuga ya Ziwa Nakuru tangu 2006. Ninaandika kwa sababu ya neno moja linalotuumiza kila likiwekwa ovyo kwenye kichwa cha habari: "Kenya".

Mei 2014, kwa hofu ya mashambulizi ya kigaidi, Uingereza iliwaonya raia wake wasiende Mombasa na ukanda wa karibu ila kwa shughuli ya lazima. Kusini mwa Mombasa onyo lenyewe liliishia Tiwi; Diani, ufuo wa watalii ulio mbele yake, haikuwamo. Hata hivyo kampuni za utalii ziliwarudisha wageni wao kwao kabla likizo haijaisha. Sisi tuko zaidi ya kilomita 600 za barabara kutoka Mombasa, lakini simu zangu zote wiki hizo zilikuwa za kughairi. Kuna asubuhi nilifika geti la mbuga la Lanet nikakuta gari langu ni la pekee.

Sisemi hatari ni ya kubuniwa. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, damu ilimwagika hapa hapa Nakuru na Naivasha, Kisumu ikaungua, na mgeni aliyekataa kuja wakati ule alikuwa na haki yake. Kinachoniuma ni kuadhibiwa kwa moto uliowaka kwa jirani wa mbali.

Chama chetu cha madereva kina hisa chache za kampuni ya hoteli kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Zamani nilidhani bei ya hisa hufuata hesabu ya vyumba vilivyolala wageni. Nimejifunza kwamba hofu hutangulia. Chumba kilicholala tupu leo hakiwezi kuuzwa mara mbili kesho, ilhali mishahara, umeme na mkopo wa benki havingoji. Mwenye hisa anajua hilo, kwa hiyo anauza mapema, kabla mgeni hajaghairi. Na kwa kuwa hisa za hoteli hazibadilishi mikono kwa wingi sokoni kwetu, wauzaji wachache wenye haraka wanatosha kuiangusha bei. Mwekezaji wa nje akiogopa hachambui kaunti kwa kaunti. Huondoa pesa zake nchini, akazipeleka kwenye dhamana za serikali ya Marekani, yaani kuikopesha serikali hiyo kwa riba. Huku chini, hoteli huahirisha ukarabati, na vibarua wa jikoni ndio wa kwanza kuambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Mke wangu aliambiwa hivyo. Alingoja miezi mitano.

Paris ilishambuliwa Novemba 2015, watu 130 wakauawa. Wageni walipungua, kisha wakarudi. Mji ule una watu wa Lyon na Brussels wanaofika kwa treni asubuhi na kurudi jioni. Sisi tumemtegemea mno mgeni anayeshuka kwenye ndege, na ndege yenyewe mara nyingi hupitia Doha au Dubai. Tarehe 23 Juni 2025 Iran iliporusha makombora kwenye kambi ya jeshi la Marekani nchini Qatar, anga ya Qatar ilifungwa kwa saa kadhaa. Wageni wangu wawili walikwama, wakaamua kurudi walikotoka. Hiyo haikuwa vita yetu hata kidogo.

Kwa hiyo nawasihi wenye hoteli wa huku wampangie mgeni wa Eldoret, Kakamega na Kisumu bei ya mwaka mzima, badala ya kumkumbuka Mzungu asipokuja. Familia inayotoka Kisumu kwa barabara haisubiri onyo la ubalozi.

Nawe, Mhariri, habari ikitoka Lamu au Mandera, iandike Lamu au Mandera kwenye kichwa chenyewe, maana mawakala wa ng'ambo husoma kichwa tu. Na siku utakapochapisha kwamba hisa za hoteli zimeshuka, tuma mwandishi Nakuru, au ufuo wa Dunga kule Kisumu, aulize ni vyumba vingapi vimelala wageni wiki hiyo. Namba hiyo ichapishwe kando ya bei ya hisa.

Mwongoza watalii,
Nakuru