Mwanangu, kula kabla ya zamu

Katuba, Lubumbashi, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Barua hii nimeiweka juu ya dagaa zako za kapenta, ndani ya kifurushi atakachokupa dereva wa basi la Kolwezi. Kwenye simu unanijibu "ndiyo mama" halafu unakata. Karatasi utaisoma mpaka mwisho.

Ulipokuja Noeli nilikutazama sana. Asubuhi ile ulimkaripia mdogo wako kwa sababu ya taulo. Kikombe kilikuwa kinatikisika mkononi mwako, jasho limekutoka usoni, na jua lilikuwa bado halijawa kali. Ukasema ni shefu, mkubwa wako wa kazi, ni zamu za usiku. Nikaamini. Saa saba ukakaa kwenye bukari na maharage, ukala ukashiba, na mchana wote ukawa yule mtoto niliyemzaa. Shefu wako hakubadilika kati ya asubuhi na saa saba.

Jambo hili limenipata mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza katika wodi ya wazazi nilikuwa naingia usiku na chai kavu tumboni. Ikifika saa tisa, mikono inatetemeka, moyo unadunda, sindano siwezi kuielekeza kwenye mshipa. Nilidhani ni woga wa kazi. Mkunga mmoja mzee alinikalisha, akanipa muhogo wa kuchemsha na karanga, akasema tutaongea ukimaliza kula. Baada ya nusu saa mkono ulitulia, na hatukuwa na la kuongea.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu zake, na chakula chake kikuu ni sukari ya damu. Sukari hiyo ikishuka mno, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo zinamwaga homoni za adrenalini na kortisoli, ili ini litoe sukari ya akiba. Adrenalini hiyohiyo ndiyo inayomwagika ukikemewa, au lori likikukosa kidogo barabarani. Kwa mwili, njaa nayo ni hatari. Kwa hiyo shefu akikwambia neno dogo wakati huna kitu tumboni, unalisikia kubwa, maana moyo ulikuwa umeshaanza kudunda kabla hajafungua mdomo.

Na wewe juu ya njaa hiyo unamimina vile vinywaji vya nguvu. Kopo la mililita 250 mara nyingi lina kafeini ya miligramu 80 na sukari gramu 27 hivi, zaidi ya vijiko sita vya chai. Sukari hiyo inapanda haraka na kushuka haraka. Kafeini haikulishi, mwanangu. Inauzuia ubongo usisikie uchovu, na inazidisha adrenalini. Baada ya saa tano hivi nusu yake bado iko kwenye damu. Ukinywa saa kumi usiku, saa tatu asubuhi unapojilaza unageuka tu kitandani. Na asiyelala, kesho yake anatamani vitamu. Ndivyo unavyorudi kwenye makopo.

Sisemi maharage yatamfanya shefu awe mpole. Kama anakuonea, hilo tutaliongea na baba yako. Ninachotaka ni uingie kazini mwili wako ukiwa umetulia.

Kula saa kumi na moja jioni, kabla ya kutoka: bukari kiasi, maharage mengi, kapenta, na mboga ya lengalenga utanunua hukohuko. Nguvu ya maharage inaingia kwenye damu polepole, inakufikisha mbali. Usiku wa manane usile mlo mzito, tafuna karanga na ndizi. Karanga na lengalenga zina magnezi, madini ambayo neva zinayahitaji. Kahawa kunywa mwanzo wa zamu, na saa sita ikipita iwe maji.

Ukila hivi wiki mbili na mikono bado inatetemeka, nenda wakupime sukari na tezi ya shingo. Usingoje mpaka nije mimi.

Kapenta nimezichambua mwenyewe, hazina mchanga, lakini zioshe kwa maji ya moto. Kopo la karanga ni la shangazi yako wa Kamalondo. Mpe dereva arudi nalo Alhamisi.

Mama yako