Bendera 18

Boston, Januari

Mama mpendwa, na wote hapo Nyalenda, Kisumu,

Hamjambo? Mimi mzima, baridi tu, na kazi ni ileile ya usiku. Hela za mabati nimetuma kwa simu yako, Mama. Usimpe mtu akushikie, unajua namsema nani.

Sasa omera, ndugu yangu, habari zimenifikia. Kwenye matanga ya Mjomba ulisimama mbele ya watu ukasema huku mimi nafagia, tena ukaongeza kwamba hata timu ya kikapu niliyoifuata, Celtics, haijafikia Lakers wako kwa ubingwa. La kufagia ni kweli. Hilo la pili ni uongo, na ndilo lililoniuma.

Ninaposukuma ufagio ukumbini mwa Celtics, juu yangu zinaning'inia bendera 18, moja kwa kila ubingwa wa Celtics. Nimezihesabu mara nyingi, unanijua. Lakers wametwaa mara 17, na 5 kati ya hizo wakiwa bado Minneapolis, kabla hawajahamia Los Angeles mwaka 1960. Na hilo jina la Lakers, yaani watu wa ziwa, unalodai ni letu kwa kuwa tuna ziwa, lilitokana na maziwa ya jimbo la Minnesota, uliko huo mji wa Minneapolis. Sisi (naam, sisi!) tulibeba 11 katika misimu 13, kuanzia 1957 hadi 1969. Bill Russell alikuwemo katika zote 11, na mbili za mwisho alikuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Haya, nitajie wako.

Ya 2010 nakubali, Lakers walitufunga fainali. Mechi ya saba, 83-79, mimi na wewe tukiwa kwa jirani alfajiri, nawe ukagonga sufuria mpaka Mama akatoka na mwiko. Huku Marekani ilikuwa tarehe 17 Juni. Basi 2024, tarehe ileile, tuliwamaliza Dallas 106-88, fainali ikaisha 4-1. Watu walipotoka nilifagia zile karatasi zilizomwagwa juu ya wachezaji. Nikakupigia simu, kwenu kumekucha. Hukushika.

Kipande kimoja kimo humu kwenye bahasha. Mama akitunze, kisifike kiwanjani.

Mama, samaki wa huku hana kichwa wala mkia, anauzwa kama kipande cha sabuni. Nikija, ngege wa Dunga, mzima, na usinikatie.

Omera, jezi 12 ulizoombea vijana nitatuma mwezi ujao. Zitakuwa za kijani. Ukitaka za njano, kaombe Los Angeles.

Ni mimi, kaka yako mfagiaji.